Nani amerudisha vibarua kuwa mmoja?

Ndugu zangu wa Nakivale, na nyinyi wa Kakuma, Nyarugusu na Dzaleka mnaotusoma, leo nitaongea kwa ukali kidogo. Mkiona nimepita mpaka mtaniambia, ila mnisome mpaka mwisho kwanza.

Jumanne nimefungua laptopu ya kituo, nikavuta msimbo mpya wa programu yetu ya AVEC, nikaendesha majaribio. Nikangoja. Dakika tano. Dakika kumi. Nikajua kuna mtu ameshika kitu. Kuangalia kwenye faili la mipangilio, pale tulipokuwa tumeandika `-n 4`, mtu ameweka `-n 0`, na pembeni ameacha maneno: "sambamba inaleta shida, tumezima kwa muda."

Kwa muda! Sisi wakimbizi ndiyo tunaambiwa "kwa muda"? Mimi mwenyewe nilikuja hapa kwa muda, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili.

Niwaeleze wasioandika programu, hasa nyinyi wafanyakazi wa mashirika, kwa sababu sehemu ya maneno haya ni yenu. Jaribio ni kipande kidogo cha msimbo kinachoiuliza programu swali moja ambalo jibu lake tunalijua. Mama akinunua hisa tatu za shilingi elfu mbili, daftari linaonyesha elfu sita? Mtu akiomba mkopo kupita kiwango chake, programu inakataa? Sisi tuko na maswali kama hayo 312. Ukiyauliza moja baada ya lingine, laptopu yetu nzuri inachukua dakika 26. Na hiyo laptopu ina viini vinne, yaani inaweza kufanya kazi nne kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kwa dakika zote 26 kiini kimoja kinalima na vitatu vimekaa kivulini vinaangalia.

Kuendesha majaribio sambamba ni kuwaita vibarua wanne na kuwagawia shamba. Sisi tunatumia pytest, kwa hiyo ni nyongeza moja tu, pytest-xdist, na yale maneno mawili, `-n 4`. Dakika 26 zikawa 9. Hazikuwa 6 na nusu kama hesabu ya darasani ingesema, kwa sababu kila kibarua lazima kwanza aandae vyombo vyake mwenyewe, na mwisho kuna jaribio moja refu ambalo mmoja analimaliza wakati wengine wameshanawa mikono. Gene Amdahl alishalisema hilo mwaka 1967: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo, hata ulete vibarua mia.

Sasa kuna mwalimu wa kujitolea alitufundisha mwaka jana, mtu mzuri, sina chuki naye, alisema hivi: "Hayo ya majaribio sambamba ni ya kampuni kubwa. Nyinyi anzeni na programu inayofunguka." Na wengi wenu mmeikumbatia hiyo sentensi kama amri. Mimi naona ni kinyume kabisa. Kampuni kubwa ndiyo inaweza kungoja. Mwandishi wa programu wa kule akiendesha majaribio ya dakika 26 anaenda kunywa kahawa, anarudi, umeme upo, kiti chake kipo, mshahara wake unatembea. Sisi zamu ya kituo ni saa mbili kwa mtu. Umeme ni wa sola, wingu likikaa juu ya paa betri zinaanza kulia. Kwa dakika 26, mtu anaweza kuyaendesha mara nne katika zamu nzima, tena kama hafanyi kitu kingine. Anafanyaje? Haendeshi. Anabadilisha msimbo, anafungua ukurasa mmoja kwa macho, unafunguka, anatuma. Si uvivu, anapiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi! Majaribio ya dakika 26 kwetu ni sawa na hakuna majaribio. Ya dakika 9 mtu anaendesha, anasoma kosa, anarekebisha, anaendesha tena.

Hiyo ni hoja ya muda, na ndiyo ndogo. Kubwa ni hii ya "inaleta shida."

Mara ya kwanza tulipowasha sambamba, mnakumbuka, kulikuwa kwekundu kila mahali. Majaribio yaliyokuwa yanapita siku zote yakaanza kuanguka, leo haya, kesho yale. Tukakaa wanne kwenye benchi, tukaamua kwa sauti moja kwamba nyongeza ile ni mbovu. Mimi nilikuwemo, sijitoi. Tukaizima. Hakuna hata mmoja aliyefungua jaribio moja jekundu akalisoma taratibu.

Lilikuwa linasema nini? Jaribio la risiti lilitaka namba mpya iwe moja zaidi ya iliyotangulia. Programu ilikuwa inafanya hivi: inasoma namba ya mwisho, inaongeza moja, inaandika. Kati ya kusoma na kuandika kuna nafasi, ndogo kama kufumba jicho. Na kwa sababu vibarua wetu wote wanne walikuwa wanatumia hifadhidata moja, wawili walisoma 17 pamoja na wote wawili wakaandika 18. Jaribio likaanguka. Sisi tukasema, aah, ni vibarua wanagongana, kwenye maisha ya kweli haitatokea.

Kwenye maisha ya kweli, ili mkutano wa Jumapili uishe haraka, tulikuwa tumewapa akina mama simu mbili, moja ya katibu na moja ya mweka hazina.

Wenye kutoka kwetu Kivu wanaijua AVEC, wengine mnaita kikundi cha akiba na mikopo, ni kitu kilekile. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Katibu mmoja, kalamu moja, na kila kiasi kinatajwa kwa sauti wote wasikie. Akina mama hawakusoma chuo kikuu lakini walishajibu swali la watu wawili kuandika kwa wakati mmoja: hawaruhusu. Sisi tukaja na programu yetu, tukaondoa kalamu moja tukaweka mbili, na hatukuweka kufuli hata moja.

Wiki ya nne, risiti mbili zikapata namba 118. Ukurasa wa jumla ulikuwa unapanga kwa namba ya risiti, kwa hiyo ukaonyesha moja na kuimeza nyingine. Mama mmoja hisa zake tano za siku ile, shilingi elfu kumi, hazipo. Alipouliza, watu wakaangalia simu, simu ikasema hajalipa. Simu haidanganyi, si ndiyo? Siku tatu alisemwa kisimani. Na katibu naye akaitwa mwizi na upande mwingine. Kilichowaokoa wote wawili ni kile kitabu kidogo cha mwanachama, cha karatasi, kina mihuri mitano ya tarehe ile. Wakafungua sanduku, wakahesabu, pesa zilikuwa zimezidi daftari la simu kwa elfu kumi kamili. Siku hiyohiyo kikundi kikarudi kwenye karatasi, na sisi tukaambiwa kwa heshima tukae kwanza.

Laptopu ilikuwa imetuambia wiki sita kabla. Kwa rangi nyekundu. Tulichofanya ni kuinyamazisha.

Basi tukarekebisha, na hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanarukia hatua ya pili. Hatua ya pili ni kumpa kila kibarua sufuria yake. pytest-xdist inampa kila kibarua jina, `gw0`, `gw1`, `gw2`, na linapatikana katika `PYTEST_XDIST_WORKER`. Unalichukua, unalibandika mwisho wa jina la hifadhidata, na kila mmoja anapika kwake, `akiba_gw0`, `akiba_gw1`. Wekundu unaondoka karibu wote. Wanaotumia Django hata hawahitaji kuandika hayo: tangu toleo la 1.9, `--parallel` inawatengenezea nakala zenyewe. Jest nayo inaendesha mafaili sambamba bila kuombwa, na ina `JEST_WORKER_ID` kwa kazi hiyohiyo.

Lakini ukianza na hiyo, umetenganisha waliokuwa wanagombana kabla hujauliza wanagombania nini. Sufuria zikitengana, lile kosa la risiti 118 linajificha tena, rangi inakuwa ya kijani, na akina mama wanaendelea kupotea kwenye daftari. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukaa na kila jaribio jekundu na kuliuliza swali moja: hiki kitu wanachogombania vibarua, je, watumiaji wetu nao wanakigombania? Kama hapana, tenganisha na usonge mbele. Kama ndiyo, rekebisha programu kwanza, uandike jaribio la kulilinda hilo kwa makusudi, halafu ndiyo utenganishe.

Kwa risiti jibu lilikuwa ndiyo. Tukaweka sharti kwenye hifadhidata kwamba namba haiwezi kurudiwa ndani ya kikundi kimoja, na kabla ya kutoa namba programu inafunga mstari wa kikundi kile kwa `SELECT ... FOR UPDATE`, kwa hiyo anayekuja wa pili anangoja mlangoni. Kuna aliyependekeza tutumie mfuatano wa namba ambao PostgreSQL inautoa yenyewe. Ni mzuri, lakini muamala ukifutwa namba yake hairudi, na huwezi kumpelekea mama katibu daftari linaloruka kutoka 118 kwenda 120 ukamwambia ni kawaida ya PostgreSQL.

Nirudi kwenye Jumanne. Nimewasha `-n 4` nione "shida" yenyewe. Jaribio moja tu jekundu, lile jipya la ripoti ya mwisho wa mwezi. Nimelisoma dakika kumi na tano. Lilitengeneza ripoti ya kikundi cha kwanza likakuta ndani yake majina ya kikundi cha pili. Kwa nini? Kwa sababu aliyeandika sehemu hiyo anahifadhi kila ripoti kwenye faili lenye jina lilelile, `/tmp/ripoti.pdf`, halafu anaituma. Vibarua wawili wakifika pamoja, wa pili anaandika juu ya ya kwanza.

Mnaona tulipo? Hilo si la vibarua. Seva yetu ina `/tmp` moja. Vikundi viwili vikiomba ripoti kwa pamoja Jumapili saa nane, na vyote vinakutana Jumapili saa nane, kikundi kimoja kinaweza kupokea orodha ya mikopo ya kingine. Nani anadaiwa, kiasi gani, amechelewa wiki ngapi. Hapa ambapo tunaishi mlango kwa mlango! Na mtu aliyeona huo wekundu alichukua kengele akaifunga kwa kitambaa akaandika "kwa muda." Simtaji, anajijua, na Jumamosi nitamnunulia chapati. Lakini aje.

Wengine wataniambia: si lazima kuzima, jaribio likianguka liendeshe tena, likipita basi. Kuna hata nyongeza inayorudia yenyewe. Najua. Na najua kwamba hata Google mwaka 2016 watu wao wa majaribio waliandika kwamba karibu asilimia 1.5 ya mara zote walizoendesha zilitoa matokeo ya kuyumba, na karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kuyumba kwa kiasi fulani. Kwa hiyo si aibu ya wakimbizi peke yao. Lakini wao waliyahesabu na kuyafuatilia. Sisi tunarudia mpaka iwe kijani halafu tunasahau. Risiti 118 nayo ingepita ukirudia. Ilikuwa inapita mara nyingi kuliko inavyoanguka.

Wengine wanasema tuhamishe yote kwenye mashine za mtandaoni, wenzetu wenye nguvu wafanye kazi. Sawa, tunatumia GitHub na sisi. Lakini msimbo wetu umefungwa, kwa sababu shirika lililotoa laptopu linataka hivyo, na msimbo uliofungwa kwa akaunti ya bure una dakika 2,000 kwa mwezi. Ukigawa majaribio kwa mashine nne, dakika zinajumlishwa, na kila mashine inaanza upya kupakua na kusakinisha kila kitu, na dakika isiyotimia inahesabiwa nzima. Unapata jibu haraka na unamaliza mwezi mapema. Kwanza ongeza vibarua ndani ya mashine moja. Mashine nyingi ni kwa mwenye kulipa.

Na msinukuu vibaya, sisemi kila mtu aweke nne. Zile laptopu ndogo za kumbukumbu ya GB 4, nimejaribu nazo. Kwa vibarua wanne ilikuwa polepole kuliko kwa mmoja, diski inalia kama inasaga mahindi, kwa sababu kila kibarua ni programu nzima yenye tumbo lake. `-n auto` inahesabu viini, haihesabu kumbukumbu. Kwa hizo wekeni 2. Na ambaye majaribio yake bado yanategemeana ndani ya faili moja, aanze na `--dist loadfile`, faili zima linaenda kwa kibarua mmoja. Ni bandeji, lakini bandeji ni bora kuliko `-n 0`.

Sasa wafanyakazi wa mashirika. Nawaheshimu, wengi wenu mnakuja na moto wa kweli. Lakini mafunzo yenu ni wiki sita, wiki ya kwanza hadi ya tano ni kurasa na rangi, ya sita ni siku ya maonyesho. Programu inafunguka mara moja mbele ya wageni, mtu mmoja anabonyeza, picha inapigwa, cheti kinatolewa. Mtu mmoja akibonyeza, risiti haziwezi kugongana. Maonyesho yenu yameundwa, bila nyinyi kukusudia, kuficha makosa ya aina ileile inayotupata Jumapili. Mwaka jana tulipewa mkataba mdogo na shirika moja, malipo yakahesabiwa kwa idadi ya skrini. Tuliuliza majaribio yatahesabiwa wapi, tukaambiwa "hayo ni ya ndani kwenu." Hayo ya ndani kwetu ndiyo yanamfanya mama aitwe mwongo au asiitwe.

Ninachoomba si kikubwa. Wiki moja kati ya sita iwe ya majaribio, na siku moja kati ya hiyo iwe ya kuyaendesha sambamba na kusoma yaliyoanguka. Siku ya maonyesho, wapeni wageni simu mbili na muwaambie wabonyeze pamoja. Na bajeti ya fulana, samahani kwa waliopanga fulana, ingetosha kuongeza kumbukumbu kwenye baadhi ya zile laptopu.

Wiki iliyopita, kabla ya haya ya Jumanne, yaya mmoja wa kikundi chetu na mimi tulienda kwa mama katibu kumwomba aturudishe. Hakutaka maneno. Aliuliza: "Na zile mbili zikigongana tena?" Tukamfungulia laptopu. Tuna jaribio linaloanzisha watu wawili wa bandia, linawasimamisha kwenye mstari mmoja wangojane, halafu linawaachia pamoja kuomba risiti, mara hamsini. Kijani. Akaangalia, akasema hiyo rangi hata yeye anaweza kupaka. Yaya akaondoa ile kufuli kwenye msimbo, na lile sharti la kutorudia namba, akaendesha tena mbele yake: nyekundu, namba zimerudiwa. Akavirudisha: kijani. Mama akaomba aone tena ile nyekundu. Akaona mara tatu.

Amekubali tuendelee kwa mzunguko mmoja, simu na kitabu vyote viwili, na kitabu ndicho kitakachoaminiwa vikipishana. Tunaanza Jumapili saa nane. Ile ripoti bado inaandika kwenye `/tmp/ripoti.pdf`, kwa hiyo Jumamosi asubuhi nahitaji watu wawili kituoni, na mmoja wao ni yule wa `-n 0`.